Mvua au dizeli? Kulinganisha nguvu ya visababishi viwili kwenye data ya wiki kwa wiki

Mara ya kwanza nilipoulizwa swali hili nilijibu kwa thamani mbili za p (uwezekano wa bahati tupu kutoa matokeo kama hayo), na nilijibu vibaya.

Aliyeniuliza ni mama anayenunua nyanya alfajiri soko la Ilala na kuzipeleka kwenye majiko ya hoteli za mjini. Alikuwa karibu kusaini mkataba wa miezi sita kwa bei moja isiyobadilika, akataka kujua aweke jicho wapi: kwenye bei kikomo za mafuta ambazo EWURA, mdhibiti wa nishati na maji Tanzania, hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, au kwenye mvua za huko nyanya zinakotoka, Ilula na Morogoro. "Mwanangu, vyote viwili vinapandisha bei, hilo halihitaji kompyuta. Niambie kipi kinaniumiza zaidi."

Nikachukua daftari lake, nikapima mvua, p ikatoka ndogo. Nikapima dizeli, p ikatoka kubwa kidogo. Nikamwambia ni mvua. Aliuliza kipi zaidi, mimi nikamjibu kipi kipo. Haya ni maswali mawili yenye hesabu mbili, na wengi ninaowaona wakifanya kazi hii, hata wenye shahada ya pili, wanajibu moja wakidhani wamejibu lingine. Mwongozo huu unalenga lile la "kipi zaidi", ila njia ya kulifikia inapita kwenye "kipi kipo", kwa hiyo tutaanzia huko.

Hatua ya 1: swali kwa sentensi moja

Andika kwenye karatasi, si kwenye kompyuta. Ya kwetu ilikuwa hivi: kati ya mabadiliko ya bei ya dizeli na mvua za wiki nne zilizopita, kipi kinanisaidia zaidi kubashiri mabadiliko ya bei ya tenga la nyanya Ilala wiki hii? Kuna tokeo moja, visababishi viwili, kipimo kimoja cha wakati na dirisha moja la kutazama nyuma. Kimoja kikikosekana, ulinganisho hauna miguu.

Angalia pia neno kubashiri. Clive Granger, mchumi wa Uingereza aliyekuja kupata Nobel mwaka 2003 pamoja na Robert Engle, alipendekeza mwaka 1969 kipimo ambacho hadi leo ndicho watu huanza nacho: kitu X "kinasababisha" Y kama historia ya X inaboresha ubashiri wa Y kuliko historia ya Y peke yake. Hakudai zaidi ya hapo. Bei ya mbuzi Dar hupanda kabla ya Idd, na mtu akiweka data ya bei ya mbuzi na tarehe za sikukuu kwenye jaribio hili, jaribio litamwambia kwamba mbuzi wanaleta Idd. Sote tunajua ni mwezi unaoileta. Watu wanaijua sikukuu kabla haijafika, bei inatangulia, na mashine inaona kilichotangulia tu.

Jambo hilohilo linatokea kwenye nyanya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa utabiri wa masika makubwa, madalali hawasubiri tone la kwanza. Bei inaweza kutangulia mvua.

Hatua ya 2: daftari, tenga na lumbesa

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, na ndipo wanaoandika miongozo ya takwimu hupita mbio.

Daftari la mama lilikuwa na bei ya tenga kwa kila alfajiri aliyokwenda sokoni. Kwa wiki nikachukua bei ya kati ya siku zilizoandikwa. Nilipokwenda naye sokoni mara moja ndipo nilipoona tatizo ambalo hakuna programu ingeliona: tenga si kipimo. Nyanya zikijaa, tenga linafungwa kwa lumbesa, majani juu, kamba imevutwa, nyanya zimepanda kilima. Zikiadimika, tenga hilohilo linakuja limepungua mdomoni. Bei kwenye daftari inaweza kusimama palepale wiki tatu huku bei ya kilo ikipanda. Kwa hiyo kama unaanza leo, beba mizani na upime angalau tenga moja kwa wiki. Kama data ni ya zamani, huna la kufanya ila kujua kwamba mabadiliko unayoyaona ni madogo kuliko yaliyotokea, na kwamba visababishi vyote vitaonekana dhaifu kuliko vilivyo.

Kosa baya zaidi la data linakuja kwa sura ya unadhifu. Bei ya dizeli ni ya mwezi, bei ya nyanya ni ya wiki. Kishawishi ni kuchora mstari ulionyooka kutoka bei ya Januari hadi ya Februari na kuugawa kwa wiki. Ukifanya hivyo, wiki ya tatu ya Januari itakuwa tayari imebeba sehemu ya bei ya Februari, bei ambayo siku hiyo hakuna dereva wa Fuso aliyeijua. Umechukua kesho ukaiweka jana, halafu unaliuliza jaribio kama jana inabashiri kesho. Itabashiri vizuri sana. Acha bei ya dizeli iwe ngazi: inakaa palepale, Jumatano ya tangazo inaruka, inakaa tena. Ndivyo inavyoishi kwenye pampu.

Hivyo hivyo kwa wiki zisizo na rekodi. Usizijaze kwa wastani wa wiki ya kabla na ya baada. Ziache wazi.

Mvua ina tabia yake. Ukijumlisha milimita za wiki kutoka kituo kimoja cha karibu na mashamba, unapata namba, lakini mvua inagusa bei kwa njia zaidi ya moja. Ndani ya siku chache inaharibu barabara za vumbi kati ya shamba na lami. Ndani ya wiki chache inaleta ukungu, bakajani, na mavuno yanaoza. Ndani ya miezi mitatu hivi, muda wa nyanya kutoka kuhamishwa kitaluni hadi kuchumwa, mvua nzuri inaweza kushusha bei kwa sababu shamba limestawi. Njia mbili zinapandisha, moja inashusha. Mwenye kutumia dirisha la wiki nne anapima mvua ya barabarani na sehemu ya ile ya ukungu. Mvua ya kupandia hajaigusa, na lazima aseme hivyo kwenye jibu lake.

Hatua ya 3: chora, kisha tuliza

Chora mistari mitatu, mmoja chini ya mwingine. Weka alama kwenye masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Weka alama kwenye Ramadhani pia, ambayo husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka kwa kalenda ya kawaida. Ikiangukia kwenye masika kwa miaka miwili mfululizo na wewe hukuiweka kwenye modeli, mahitaji ya futari yatahesabiwa kama mvua.

Kisha tafuta mahali mchezo ulipobadilika. Kwa mafuta, 2022 haiwezi kupuuzwa: vita vya Ukraine vilipandisha bei ya dunia, na kuanzia Juni serikali ikaanza kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Kwa mvua, kuna vuli ya El Niño ya mwishoni mwa 2023. Modeli moja inayopita juu ya matukio hayo bila kuyatambua inachukua wastani wa dunia mbili tofauti.

Baada ya macho, hesabu. Mfululizo wa bei hupanda na kuzurura, na viwili vinavyozurura huonekana ndugu hata kama havijawahi kukutana. Granger na Paul Newbold walionyesha mwaka 1974 jinsi regresheni (hesabu ya kukadiria kitu kimoja kutoka kwa kingine) ya mifululizo miwili isiyohusiana inavyoweza kutoa matokeo ya kupendeza kabisa. Dawa ya kawaida ni kuchukua logi ya bei, kisha tofauti ya wiki hii na iliyopita. Hapo unafanya kazi na asilimia ya badiliko badala ya bei yenyewe. Jaribio la Dickey na Fuller, toleo lililopanuliwa, linauliza kama mfululizo bado unazurura. Jaribio la KPSS la mwaka 1992 linaanza na dhana iliyo kinyume, kwamba umetulia. Mimi hutumia yote mawili, na yakigombana narudi kwenye mchoro.

Mvua haizururi, lakini ina msimu. Usiitofautishe wiki kwa wiki, utapata kelele. Ondoa msimu: weka modeli yenye vigeu vya miezi, ubaki na mvua iliyozidi au kupungua kuliko kawaida ya mwezi huo. Dalali haogopi mvua ya Aprili, anaitegemea. Anachoshtuka nacho ni mvua iliyokuja bila hodi.

Kuna hali ambayo bei mbili zinazurura zikiwa zimefungwa kamba moja, zikiachana zinarudishana. Wachumi huiita kointegresheni. Ukiiona na ukachukua tofauti tu, umekata kamba. Njia rahisi ya kujihami ni ile ya Toda na Yamamoto ya mwaka 1995: tumia bei zenyewe bila kutofautisha, ongeza lagi moja (wiki moja ya kutazama nyuma) zaidi ya unazohitaji, na usizijumuishe zile za ziada kwenye jaribio.

Hatua ya 4: lagi, na haki katika kuzigawa

Lagi ni idadi ya wiki unazotazama nyuma. Vigezo vya AIC na BIC, vinavyopima kama lagi ya ziada inastahili nafasi yake, vitakupa mapendekezo, BIC ikiwa bahili kuliko mwenzake. Chagua mojawapo kabla hujaona matokeo, uandike umechagua ipi.

Kwa kulinganisha kuna sharti jingine. Visababishi vyote viwili vipate idadi ileile ya lagi. Nimeona kazi ambayo programu iliruhusiwa kuchagua yenyewe, ikaipa mvua lagi nane na dizeli mbili, kisha mwandishi akashangaa mvua ilivyo na nguvu. Mwenye tiketi nane ana nafasi nyingi kuliko mwenye mbili, hata kama bahati nasibu ni tupu. Ukihitaji kutazama mbali, usimwage lagi 12 kwa kila kigeu, maana vigeu vitatu kwa lagi 12 pamoja na namba ya mwanzo ni namba 37 za kukadiria, na daftari la miaka mitatu halizibebi. Zifunge kwenye mafungu, kwa mfano wiki 1 hadi 2, 3 hadi 6, 7 hadi 12. Mafungu matatu kwa mvua, matatu kwa dizeli.

Hatua ya 5: je, kipo?

Sasa tuhesabu kwa mkono mara moja, ili kompyuta isitufiche kitu. Namba hizi ni za mazoezi, nimezitunga.

Una wiki 157 za bei, zinakupa mabadiliko 156, na ukitumia lagi 4 unabaki na wiki 152 za kufanyia kazi. Modeli kamili inabashiri badiliko la nyanya kwa lagi 4 za nyanya, 4 za dizeli, 4 za mvua, na namba moja ya mwanzo: namba 13 za kukadiria. Digrii za uhuru ni 152 kutoa 13, yaani 139. Chukua makosa yote ya ubashiri, piga kila moja mraba, jumlisha. Tuseme unapata 4.90.

Ondoa dizeli, kadiria upya: makosa yanapanda hadi 5.20. Rudisha dizeli, ondoa mvua: yanapanda hadi 5.32.

F hulinganisha makosa yaliyoongezeka na makosa yaliyobaki. F ya dizeli ni (0.30 ÷ 4) ÷ (4.90 ÷ 139), sawa na 2.13. F ya mvua ni (0.42 ÷ 4) ÷ (4.90 ÷ 139), sawa na 2.98. Mpaka wa asilimia 5, yaani F ambayo bahati tupu huivuka mara 5 tu kwa 100, kwa digrii 4 na 139 ni karibu 2.44. Mvua imepita, dizeli imebaki nje ya geti.

Hapa ndipo nilipomwambia mama ni mvua. Lakini rudi utazame kilichotenganisha vitu hivi viwili: 0.30 na 0.42. Mvua ilipunguza makosa kwa asilimia 7.9, dizeli kwa asilimia 5.8. Geti lilisimama katikati yao kwa bahati. Lingesogezwa kidogo, wote wangeingia au wote wangebaki nje.

Nikueleze ukubwa wa tatizo. Chukua visababishi viwili vyenye nguvu sawa kabisa, na jaribio ambalo kwa data uliyonayo linakamata kila kimoja nusu ya mara. Kama matokeo ya majaribio hayo mawili hayategemeani, basi nusu ya mara utapata kimoja "kipo" na kingine "hakipo". Yaani ukirusha shilingi tu, utatangaza mshindi kwenye mechi ya sare. Na sampuli za wiki 150 ziko kwenye hali hiyo mara nyingi.

Kama unatumia programu ya takwimu ya R na hujawahi kuendesha jaribio hili, anza na data inayokuja na kifurushi cha lmtest, ya kuku na mayai ya Marekani, 1930 hadi 1983:

```
library(lmtest)
data(ChickEgg)
grangertest(egg ~ chicken, order = 3, data = ChickEgg)
grangertest(chicken ~ egg, order = 3, data = ChickEgg)
```

Mstari wa tatu unauliza kama kuku wanatangulia mayai, na p ni 0.62. Wa nne unauliza kama mayai yanatangulia kuku, p ni 0.003. Kwa hiyo ni yai, kwa maana ya Granger. Ukipata namba hizo, mashine yako iko sawa.

Mitego miwili ya programu iliyonila muda. Kwenye R hiyo, kinachobashiriwa kinaandikwa kushoto. Kwenye kifurushi cha statsmodels cha Python, jaribio linauliza kama safu ya pili inasababisha ya kwanza, na ukizigeuza safu hakuna onyo litakalotoka, utapata jibu la swali ambalo hukuuliza. Wa pili: kitendo cha causality kwenye kifurushi cha vars cha R, ukiwa na vigeu vitatu, kinapima kisababishi dhidi ya vingine vyote kwa pamoja. Hakikuambii habari za nyanya peke yake. Kwa nyanya peke yake, tumia njia ya modeli kamili na modeli iliyopunguzwa kama tulivyofanya juu.

Kabla hujaendelea, geuza swali: je, nyanya za Ilala zinabashiri bei kikomo ya dizeli? Haziwezi. Bei hiyo inatokana na soko la dunia, thamani ya shilingi, kodi na gharama za uingizaji. Jaribio likisema ndiyo, kuna tarehe zimehama mahali au kuna mstari ulionyooka umejificha kwenye data. Kwangu lilisema ndiyo mara ya kwanza, na ndivyo nilivyougundua ule mstari wa Januari na Februari.

Hatua ya 6: kipi zaidi?

Kwanza, modeli moja. Kupima dizeli na nyanya kwenye modeli yake, na mvua na nyanya kwenye nyingine, kisha kulinganisha, ni kupima watu wawili kwa mizani mbili. Vyote viwe ndani ya modeli kamili, na kila kimoja kiondolewe kwa zamu, kama tulivyofanya.

Pili, usilinganishe vizidishi, yaani namba ambazo modeli huzidisha kila kisababishi. Kimoja ni cha shilingi kwa lita, kingine ni cha milimita. Lazima vigeuzwe viwe na kipimo cha pamoja, na kipimo kizuri ni kile kilichopendekezwa na John Geweke mwaka 1982: logi asilia ya makosa bila kisababishi ukigawa kwa makosa ukiwa nacho. Kwa dizeli, logi ya 5.20 ÷ 4.90 ni 0.059. Kwa mvua, logi ya 5.32 ÷ 4.90 ni 0.082. Tofauti ni 0.023.

Kipimo hiki hakishuki chini ya sifuri hata kisababishi kikiwa hewa tupu, kwa sababu kigeu chochote cha ziada hupunguza makosa kidogo. Kwa lagi 4 na digrii 139, hewa tupu hutoa karibu 0.03. Kwa hiyo nusu ya nguvu ya dizeli kwenye mfano wetu inaweza kuwa si nguvu, ni posho ya kuhudhuria. Ndiyo maana idadi sawa ya lagi si adabu tu: posho lazima ilingane, ili ukitoa kimoja kwenye kingine ifutike.

Tatu, na hili ndilo nililoliruka: weka mpaka wa mashaka kwenye tofauti yenyewe, si kwenye kila kimoja. Njia ni kuchukua sampuli upya kutoka kwenye mabaki, yaani makosa ya ubashiri ya kila wiki; wanaiita butistrapu. Chukua mabaki ya modeli kamili kwa vipande vya wiki kadhaa mfululizo, si moja moja, ili tabia ya wiki zinazofuatana isipotee. Yachanganye, yarudishe kwenye modeli, uzalishe daftari jipya la wiki 157. Hesabu vipimo viwili, toa kimoja kwenye kingine, andika. Rudia mara 2,000. Panga majibu kutoka dogo hadi kubwa, chukua la 50 na la 1,950. Kama sifuri iko kati yao, data yako haijui nani zaidi. Kompyuta ya kawaida inamaliza kazi hii kabla chai haijapoa.

Nne, jaribu kwa shilingi. Kadiria modeli kwa miaka miwili ya kwanza, kisha tembea wiki kwa wiki kwenye mwaka wa tatu ukibashiri wiki inayofuata, ukiongeza data kadiri inavyokuja. Fanya hivyo kwa modeli kamili, isiyo na dizeli, na isiyo na mvua. Rudisha makosa kwenye shilingi za tenga. Ukimwambia mfanyabiashara kwamba bila kujua mvua anakosea kwa shilingi kadhaa zaidi kwa tenga, anaelewa bila kujua logi ni nini. Mara nyingi hatua hii inavunja moyo, maana modeli kamili inaweza kushindwa na ile rahisi inayosema tu bei ya wiki ijayo itakuwa ya wiki hii. Ikishindwa, sema.

Wengi hutumia pia mgawanyo wa tofauti za ubashiri kutoka kwenye modeli ya VAR, ambamo kila kigeu kinabashiriwa kwa historia yake na ya vingine, familia ya modeli iliyoletwa na Christopher Sims mwaka 1980. Unakupa sentensi tamu: baada ya wiki nane, asilimia fulani ya kuyumba kwa nyanya kumetoka kwenye mvua, asilimia fulani kwenye dizeli. Tatizo ni kwamba kwa njia ya kawaida jibu linategemea uliviweka vigeu kwa mpangilio gani. Jaribu mipangilio yote yenye maana. Kwetu dizeli na mvua havishtuki pamoja, kwa hiyo mpangilio wao haukubadilisha kitu. Ukilinganisha dizeli na dola, ambazo zinatembea pamoja, utaona asilimia zikiruka. Njia ya Pesaran na Shin ya mwaka 1998 haitegemei mpangilio, ila asilimia zake hazijumlishiki kuwa 100, na wengi huzilazimisha.

Na kuna swali ambalo kipimo chochote cha hapo juu hakilioni. Kisababishi chenye nguvu ambacho hakikusogea kitaonekana dhaifu. Kama ndani ya miaka yako mitatu dizeli ilikaa karibu palepale, modeli itaripoti mchango mdogo, na itakuwa sahihi kuhusu miaka hiyo. Haijasema lolote kuhusu mwaka ambao dizeli itaruka. Kwa anayesaini mkataba wa miezi sita tofauti hii ndiyo biashara yenyewe. Kwa hiyo toa majibu mawili: mchango uliotokea, na mwitikio wa bei kama kila kisababishi kingepanda kwa kiasi unachokitaja, mathalani dizeli kwa asilimia 10.

Jambo dogo la pembeni kuhusu dizeli. Mwenye Fuso akipandisha nauli ya mzigo kwa sababu ya mafuta, hana haraka ya kuishusha mafuta yakishuka. Tenganisha mabadiliko ya kupanda na ya kushuka yawe vigeu viwili. Kama vimepewa kizidishi kimoja, kushuka kusiko na athari kunapunguza nguvu ya kupanda kwenye wastani.

Lini utumie kitu kingine

Kama uhusiano umejikunja, mfano mvua chini ya kiwango fulani haifanyi kitu na juu yake inafunga barabara, kuna entropi ya uhamisho ya Thomas Schreiber ya mwaka 2000, isiyodai mstari ulionyooka. Inataka data nyingi, wiki 150 ni chache mno kwake. Kwa mifumo ambayo vitu vimeshikamana na si rahisi kuvitenganisha, kama samaki na joto la bahari, kuna njia ya George Sugihara na wenzake ya mwaka 2012. Kwa masoko mengi yaliyopimwa mara chache, tuseme Ilala, Mabibo, Temeke Stereo na mengine 40 kwa miezi sita, tumia modeli za paneli, na hakikisha zinatenganisha tofauti za kudumu kati ya masoko na mabadiliko ndani ya soko moja. Lakini kwa daftari moja la nyanya, usikimbilie huko.

Nilirudi kwa mama na karatasi moja. Mpaka wa tofauti ulipita juu ya sifuri kwa raha zake. "Kwa hiyo hujui," akasema. Nikamwambia daftari ndilo halijui, na kwamba lile jibu la kwanza nalirudisha. Akaangalia karatasi muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akauliza angepaswa kuandika nini tangu mwanzo. Tukachora safu mbili mpya pembeni ya bei: uzito wa tenga, na nauli aliyomlipa dereva wa Fuso. Mkataba aliusaini kwa miezi mitatu badala ya sita, na mizani ananing'iniza kwenye nguzo ya kibanda, kila Jumanne.